Diwani katoa jezi, uwanja uko wapi?

UCHAGUZI Mkuu wa Oktoba 29, 2025 umepita na mwingine ni mwaka 2030. Wapo watakaosema ni mapema mno kuanza kuzungumza habari za kura. Sisi tunasema si mapema hata kidogo. Diwani anayetaka kurudi hasubiri kipenga cha Tume ya Uchaguzi. Kampeni yake huanza siku anayoapishwa, na silaha yake ya kwanza kwenu vijana ni jezi.

Mchezo wenyewe mnaujua. Linatangazwa Kombe la Diwani. Timu za mitaani zinaandikishwa, kila timu inapewa seti moja ya jezi zenye jina la mheshimiwa mgongoni, na mipira miwili. Bingwa atachinja mbuzi. Siku ya fainali mheshimiwa anashika kipaza sauti, anasema michezo ni ajira, kisha anataja vipaumbele vyake vya awamu ijayo: barabara za lami, maji, umeme na ajira kwa vijana. Makofi, vigelegele, picha. Basi, kijiweni wiki nzima ni sifa za mheshimiwa.

Hakuna anayenyoosha mkono kuuliza swali dogo tu: mbona fainali ya kata nzima inachezwa kwenye uwanja wa shule ya msingi, wenye kokoto na mteremko? Ile sehemu ya wazi iliyokuwa ya kata imekwenda wapi? Ukuta ule na lile geti jeusi vimetoka kwa kibali cha nani? Siku hiyo kamati ilipokaa, mheshimiwa alikuwa upande gani wa meza?

Gazeti hili halina ugomvi na jezi. Kijana avae. Ugomvi wetu ni na diwani anayegawa kisichoombwa, anayeahidi kisicho chake, na anayenyamaza juu ya kile kilicho mikononi mwake. Diwani wa namna hiyo hastahili kurudi, awe wa chama tawala au awe wa upinzani. Tutaeleza kwa nini.

ANAAHIDI KUKU WA JIRANI

Tuanze na barabara, maana hiyo ndiyo ahadi mama. Tangu mwaka 2017 barabara zilizokuwa chini ya halmashauri zimehamishiwa kwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA. Barabara kuu ni za TANROADS. Meneja wa TARURA haajiriwi na baraza la madiwani na baraza haliwezi kumfukuza. Mtaro wa barabara unaofurika mlangoni kwako kila masika uko huko huko TARURA. Hata ushuru wa maegesho ya magari mjini umekwenda kwa wakala huo huo.

Maji ya Dar es Salaam ni ya DAWASA. Umeme ni wa TANESCO. Leseni na ruti ya daladala ni ya LATRA. Polisi wa kituo cha kata yako wanaripoti kwa wakubwa wao, wala hawampigii saluti mwenyekiti wa halmashauri.

Sasa mtu anasimama jukwaani, anazitaja barabara, maji na umeme kama vile funguo ziko mfukoni mwake. Huyo ni sawa na anayekualika kula pilau kwa kuku wa jirani. Jirani mwenyewe hana habari, kuku yuko bandani kwake, na wewe umeshanawa mikono.

Wapo watakaotujibu kwamba kazi ya diwani ni kusukuma. Ni kweli, na hatuipingi. Lakini anayesukuma ana ushahidi wa kusukuma. Aje aseme: "Barabara hii si yangu, ni ya TARURA. Hii hapa barua ya kata, hili hapa jibu lao, na huu hapa muhtasari wa kikao nilicholalamika." Diwani wa hivyo, hata kama lami haijafika, amefanya kazi. Anayekuja na maneno matupu anategemea kitu kimoja tu, kwamba wewe hujui barabara ni ya nani.

MAPANGA YA MIAKA HAMSINI

Vijana wengi mnaosoma gazeti hili mmezaliwa baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992. Kwa hiyo ni vizuri mjue kwamba diwani hakuzaliwa hana meno. Ameng'olewa jino moja moja, na waliomng'oa ni serikali za chama kile kile.

Mwaka 1972 Serikali ilileta mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Jina lilikuwa tamu, lakini matokeo yake halmashauri zilizochaguliwa zikafutwa, kazi zao zikawekwa chini ya watumishi walioteuliwa kutoka juu. Miji ikaoza. Mitaro ikaziba, taka zikajaa, kipindupindu kikaingia. Mwaka 1978 Serikali yenyewe ikalazimika kuzirudisha halmashauri za miji, na mwaka 1982 zikatungwa sheria za serikali za mitaa ambazo ndizo msingi mpaka leo.

Oktoba 1994 tukapiga kura ya kwanza ya madiwani katika mfumo wa vyama vingi. Haikupita hata miaka miwili. Mwaka 1996 Waziri Mkuu, Frederick Sumaye, akalivunja Baraza la Jiji la Dar es Salaam na kuweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Tume ilikaa mpaka mwaka 2000. Jiji kubwa kuliko yote nchini likaendeshwa karibu miaka minne bila diwani hata mmoja.

Tuseme ukweli: baraza lile lililovunjwa lilikuwa limeshindwa. Taka zilikuwa milima na mashimo ya barabarani yalikuwa madimbwi ya bata. Tume ilisafisha, na wananchi wengi waliisifu. Lakini mpigakura alifundishwa somo baya sana siku ile. Alifundishwa kwamba madiwani wabovu hawatolewi kwa kura yake, wanatolewa kwa kalamu ya mkubwa. Na kalamu ikishazoea kutoa wabovu, haichelewi kuwatoa hata wazuri.

Mwaka 2016 kambi ya upinzani ikachukua umeya wa Jiji, baada ya uchaguzi wa meya kuahirishwa mara kadhaa. Mwaka huo huo kodi ya majengo ikaondolewa mikononi mwa halmashauri na kupelekwa TRA. Mwaka uliofuata zikaondoka barabara. Mwaka 2021 kodi ile ya majengo ikaanza kukatwa kwenye luku, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda mpaka 1,500. Mzigo ukamwangukia mwenye kununua umeme, hata kama ni mpangaji wa chumba kimoja Manzese au Buguruni ambaye hana tofali hata moja mjini. Wakubwa wakasema mpangaji amalizane na mwenye nyumba. Waliosema hivyo hawajawahi kudaiwa kodi ya miezi sita.

Februari 24, 2021, Rais John Magufuli akalivunja Jiji la Dar es Salaam, na manispaa ya Ilala ndiyo ikapandishwa kuwa Jiji. Waliobaki Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni wakabaki na manispaa zao, bila chombo cha kuchaguliwa kinachowaunganisha. Mto Msimbazi haujui mpaka wa manispaa. Taka za Ubungo na mafuriko ya Jangwani ni mambo ya mji mmoja. Lakini nani wa kuchaguliwa anayeyakalia yote kikao kimoja? Hakuna.

Kumbuka tunazungumzia mji wenye watu 5,383,728 kwa Sensa ya mwaka 2022, na kata 102. Gawanya mwenyewe: kata moja kwa wastani ina watu zaidi ya 52,000. Zipo wilaya za ulaya zenye watu pungufu ya hapo na zinakusanya na kutumia kodi zake zenyewe. Diwani wako anawawakilisha watu elfu hamsini na anaomba greda kwa kupiga magoti.

Sasa swali letu ni hili. Wakati jino moja moja linang'olewa, madiwani walikuwa wapi? Kodi ya majengo ilipokwenda, nani alisimama kwenye baraza akasema "hapana"? Barabara zilipokwenda, nani alipeleka hoja? Wengi walipiga meza, wakasifu, wakasaini posho, wakarudi mtaani kuahidi lami.

VILIVYOBAKI MKONONI

Msidhani tunasema diwani hana kitu. Hiyo ni lugha ya wavivu, na wapo madiwani wanaoipenda sana maana inawapa kisingizio. Diwani bado ana mambo mazito, na yanawagusa nyinyi vijana kuliko mtu yeyote.

La kwanza ni sheria ndogo na ushuru. Nani auze wapi, alipe kiasi gani, kizimba cha soko kigawiwe vipi, mgambo aruhusiwe kuchukua nini na atoe stakabadhi gani: hayo hupitishwa na baraza la madiwani kabla ya kwenda kwa waziri kuidhinishwa. Desemba 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo, kimoja shilingi 20,000, kwa ahadi kwamba mwenye nacho hatabughudhiwa. Oktoba 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, ikaja amri ya kuwaondoa wamachinga barabarani, na Kariakoo ikasafishwa. Amri ya kwanza ilitoka juu, na ya pili ikatoka juu. Kijana aliyenunua kitambulisho alibaki anakitazama kama tiketi ya mechi iliyokwisha.

Lakini baina ya amri hizo mbili kulikuwa na miaka karibu mitatu. Katika miaka hiyo baraza la madiwani lingeweza kupima maeneo, kupanga mitaa ya biashara ndogo kwa zamu, kuweka vyoo na taa, na kuyatia yote hayo kwenye sheria ndogo ili amri ikija ikute utaratibu. Ni kata ngapi zilifanya hivyo? Mheshimiwa anayetaka kurudi atuonyeshe sheria ndogo moja tu aliyoipigania kwa ajili ya kijana wa meza, mkokoteni au bodaboda. Moja tu!

La pili ni vibali vya ujenzi na mipango miji. Hapa hatuzungumzii uwanja wa mpira peke yake, tunazungumzia roho za watu. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa lililokuwa linajengwa mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 jengo lingine likaporomoka Kariakoo, likaua zaidi ya watu 20. Wanaokufa pale ni vibarua wa zege, wauza maduka, wabeba mizigo na wapita njia. Ni vijana kama nyinyi.

Halmashauri ndiyo inayotoa kibali cha ujenzi na ndiyo yenye wakaguzi. Na halmashauri ina kamati ya madiwani inayoshughulikia mipango miji. Diwani aliyeketi kwenye kamati hiyo asituambie hajui ghorofa ngapi ziliombwa na ngapi zimesimama. Kama hajui, alikuwa anafanya nini kwenye kikao? Kama anajua na amenyamaza, basi tuna neno jingine la kumwita, na si mheshimiwa.

La tatu ni asilimia kumi. Hii kila kijana aikariri kama namba ya simu yake. Tangu mwaka 2018 ni sheria, si hisani: kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, baada ya kutoa yale yenye matumizi maalumu, kwa ajili ya mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Halmashauri ikiwa na shilingi bilioni 10 za kupigia hesabu, bilioni 1 ni ya mikopo hiyo, na ndani yake milioni 400 ni za vijana. Mwaka mmoja!

Nini kilitokea? Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilionyesha fedha nyingi hazikurejeshwa, na vikundi vingine ni hewa. Aprili 2023 Serikali ikaisimamisha mikopo hiyo nchi nzima. Ikaanza tena mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, baadhi ya halmashauri zikipitishia benki. Kwa hiyo kijana mwaminifu, ambaye kikundi chake kilikuwa na pikipiki tatu na daftari safi, aliadhibiwa pamoja na kikundi hewa cha shemeji wa mkubwa.

Sasa mheshimiwa anakuja na ahadi ya "ajira kwa vijana". Vizuri sana. Asituhutubie. Atupe orodha: vikundi gani vya kata yake vilipata, vilipata kiasi gani, vimerejesha kiasi gani, na viongozi wake wanakaa mtaa gani. Orodha hiyo ipo halmashauri. Kama ni safi, aibandike ofisi ya kata. Kama hataki ibandikwe, tuelewe nini?

Na ziko shule, zahanati, masoko na taka. Gari la taka halipiti wiki tatu, lakini mkusanya ada anapita kila mwezi bila kukosa. Mkataba wa kuzoa taka za kata unajulikana na nani? Umesainiwa kwa muda gani? Diwani ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Hawezi kusema hilo halimhusu.

TABATA HAWAKUNGOJA JEZI

Kuna vijana watatuambia haya yote ni maneno ya gazeti, mnyonge hana pa kwenda. Tunawakumbusha Tabata.

Mwaka 1988, enzi za chama kimoja, wakazi wa Tabata waliichoka kazi ya Jiji ya kumwaga taka jirani na nyumba zao. Moshi, harufu na inzi vilikuwa sehemu ya chakula chao. Hawakusubiri uchaguzi. Wakaenda Mahakama Kuu, wakalishtaki Jiji, na Mahakama ikaliamuru liache. Jiji likawa linarudi kuomba liongezewe muda. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa, akasema kuwamwagia watu taka zinazohatarisha afya zao ni kugusa haki yao ya kuishi iliyomo kwenye Katiba.

Watu wale hawakuwa na chama cha upinzani wala redio ya mtaani, wala simu ya kupigia picha. Walikuwa na hoja moja iliyo wazi, waliiandika, wakaibeba mpaka mwisho. Leo kijana ana simu mkononi yenye uwezo kuliko ofisi nzima ya karani wa Jiji wa miaka hiyo, na anaitumia kupiga picha na mheshimiwa wakigawana mipira.

"KURA YENYEWE IKO WAPI?"

Hapa ndipo penye donda, na hatutalipita kwa kufumba macho. Vijana mnatuuliza: mnatuambia habari za kumpima diwani, kwani yeye aliingia kwa kura yetu?

Ni swali la haki. Novemba 2019 upinzani uliona wagombea wake wakienguliwa kwa wingi katika uchaguzi wa serikali za mitaa. Mwaka 2020 madiwani wengi wakapita bila kupingwa. Novemba 27, 2024 chama tawala kikatangazwa mshindi katika karibu mitaa yote nchini. Aprili 2025 CHADEMA, chama kikuu cha upinzani, kikazuiwa kushiriki Uchaguzi Mkuu kwa kutosaini kanuni za maadili. Oktoba 29, 2025 na siku zilizofuata kukawa na maandamano, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na watu wakafa. Kuna familia mjini hapa ambazo mpaka leo zinalia. Hatutawaambia vijana wasahau, wala hatutawadanganya kwamba karatasi ya kura ilikuwa kamili.

Na mfumo wenyewe unajulikana. Mkurugenzi wa halmashauri anateuliwa na Rais, na ndiye aliyekuwa msimamizi wa uchaguzi. Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema hilo halilingani na Katiba. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikatengua. Bila Tume huru ya kweli, diwani ataendelea kumtazama aliyemteua mkurugenzi kuliko kumtazama aliyempigia kura. Madai hayo yako pale pale na hatuyaachi.

Lakini tunawaomba mtafakari jambo moja. Rais huwezi kumwona. Waziri ukimwona ni vumbi la msafara wake. Mbunge yuko Dodoma. Diwani peke yake ndiye kiongozi mnayekutana naye kwenye msiba, kwenye harusi, msikitini, kanisani, kwenye foleni ya chapati. Hawezi kujificha miaka mitano ndani ya kata ya watu elfu hamsini. Aliyepita bila kupingwa kwenye karatasi bado anaweza kupingwa kwa hoja kwenye mkutano wa mtaa, mbele ya mama yake na jirani zake, akiwa na muhtasari wa kikao mkononi au akiwa hana.

Wanaonyang'anya kura wanapenda sana kijana aseme "siasa basi tena". Kijana akikaa kando, kibali kinapita, kiwanja kinamegwa, orodha ya vikundi inaandikwa usiku, na mwaka 2030 mheshimiwa anarudi na jezi za rangi mpya.

MASWALI MATANO

Kwa hiyo gazeti hili linapendekeza kila kijiwe, kila timu, kila egesho la bodaboda liwe na maswali haya matano, yaandikwe na yaulizwe hadharani kuanzia sasa, si siku ya kampeni.

Moja: Mheshimiwa, tangu uape umewasilisha hoja gani kwenye baraza, na imeamuliwaje?

Mbili: Asilimia 4 ya vijana ya mwaka huu ni shilingi ngapi, na vikundi gani vya kata yetu vimepata?

Tatu: Maeneo ya wazi ya kata yetu yalikuwa mangapi kwenye ramani, na yamebaki mangapi?

Nne: Ushuru, ada za taka na leseni zinazokusanywa kwenye kata hii zinarudi kwetu kwa sura gani?

Tano: Barabara, kodi ya majengo na Jiji lenyewe vilipoondoka mikononi mwa watu wa kuchaguliwa, ulisema nini, au unasema nini leo ili virudi?

Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Nendeni. Kaeni viti vya nyuma, mkiwa kumi, kimya, na kalamu. Diwani aliyezoea kusinzia akiwaona vijana kumi wa kata yake wanaandika, usingizi utakata. Mapato na matumizi yanapaswa kubandikwa kwenye mbao za matangazo. Yasomeni, pigeni picha, yapelekeni kijiweni yajadiliwe kama mnavyojadili usajili wa Simba na Yanga. Na wanaoitisha mikutano ya mtaa siku za kazi saa nne asubuhi, wakijua vijana mko mihangaikoni, waambieni waipeleke Jumapili.

Kwa wagombea wa upinzani tuna neno pia. Msidhani maswali haya ni ya upande mmoja. Atakayekuja mwaka 2030 kuomba udiwani kwa tiketi ya mageuzi huku anaahidi lami ya TARURA na transfoma ya TANESCO, tutamwita kwa jina lile lile tulilomwita mwenzake. Mgombea wetu aanze kwa kusema: "Haya ndiyo yaliyo mikononi mwa diwani, nitayafanya hivi. Haya yamechukuliwa, nitayadai hivi." Takrima Mahakama Kuu iliishaitangaza mwaka 2006 kuwa ni kinyume cha Katiba. Hatuwezi kuilaani ikiwa pilau ya wenzetu na kuilamba ikiwa jezi yetu.

Na kwa madiwani mlioko kwenye viti, wa chama chochote, hatuwaombei mabaya. Mnao muda wa kutosha. Yule atakayerudi kwa watu wake na orodha iliyobandikwa, kiwanja kilichookolewa, sheria ndogo inayomlinda kijana wa meza, na hoja iliyodai barabara zirudi kwa waliochaguliwa, huyo hata sisi wa upinzani tutapata kazi kumshinda. Anayetegemea mbuzi wa fainali ajue kwamba vijana wanajifunza kuhesabu. Mbuzi ni mmoja, na ile milioni 400 ingenunua mabanda mangapi?

Vijana, jezi vaeni. Mpira chezeni. Lakini mheshimiwa akishika kipaza sauti, mtu mmoja anyooshe mkono, aulize uwanja uko wapi. Na msikubali aondoke kabla hajajibu.